Tone la Kwanza la Riesling

Médiatrice hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwenye sauti ya kufika kwa majirani, na aliweza kukaripia darasa zima huku anacheka. Kwa hiyo alipoanza kuvuta midomo siku za Jumapili, lazima kulikuwa na mtu. Mtu huyo aliitwa Rosette.

Rosette alifanya kazi na mume wa Médiatrice, Térence. Wote wawili maafisa wa kilimo. Walikuwa wamepelekwa Ujerumani kujifunza kulima kwenye miteremko mikali, na huko, kando ya mto Mosel, wakaona mizabibu iliyopandwa mahali ambapo hata mbuzi angesita. Walirudi na maarifa ya matuta, sawa. Lakini walirudi pia na Riesling, divai nyeupe isiyo na sukari, chupa zimefungwa ndani ya soksi za Térence. Mara moja kwa mwezi, baada ya misa, Rosette alipanda nyumbani kwao, mtaa wa Gihosha, kula samaki wa mukeke wa kuchoma, na chupa moja ikafunguliwa.

Sasa, katika nyumba ile, tangu waoane, kinywaji kilikuwa na utaratibu wake. Anayekaribisha humimina, hunywa tone mbele ya mgeni ili ajue ni salama, ndipo humpa. Gusogongera, wanasema kwa Kirundi. Iwe pombe ya mtama, iwe ya ndizi, tone hilo lilikuwa la Médiatrice. Térence alimngoja, akimtazama usoni mpaka aseme, "Bon, kunyweni." Kilikuwa kitu kidogo, lakini kwa muda ule mumewe hakuwa akimwona mtu mwingine duniani.

Riesling ilipokuja, tone la kwanza likaenda kwa Rosette.

"We ndiye unajuaka hii," Térence alimwambia, akimmiminia.

Rosette alizungusha glasi, akaingiza pua yake nzuri (maana ilikuwa nzuri, tuseme ukweli), akafumba macho.

"Ndimu. Tofaa ya kijani. Na jiwe, Térence, jiwe yenye imenyeshewa mvua."

"Jiwe!" Térence alishangilia, utadhani kapata mtoto.

Médiatrice alikuwa anageuza samaki kwenye makaa, akisikia yote. Jiwe! Angesema yeye kwamba mchuzi una ladha ya jiwe, wangemkimbiza hospitali. Aliionea wivu pua ile, na maneno yale, na safari ambayo hakuwemo. Zaidi ya yote aliuonea wivu uso wa mumewe, namna ulivyogeukia upande wa pili wa meza.

Siku moja Rosette akasema, kwa ile sauti yake ya kujua, kwamba divai hii haigandishwi: ikipoa kupita kiasi, harufu yake inalala. Médiatrice alilishika neno hilo vizuri.

Jumapili iliyofuata, kabla ya misa, aliitia chupa kwenye friza, chini ya nyama. Kanisani hakusikia mahubiri hata neno moja. Alikuwa akimwona Rosette kakodoa macho, pua ndani ya glasi, hana la kusema.

Walipokaa mezani chupa ilikuwa imeota barafu.

"Eh, leo umeme haikukatika!" Térence alicheka. Akammiminia Rosette, kisha mkewe, kisha yeye mwenyewe.

Médiatrice alinusa ya kwake harakaharaka, akaonja. Hakuna kitu. Maji ya barafu yenye ukali kidogo. Moyo ukamruka kwa furaha.

Rosette alizungusha, akanusa, akafumba macho. Alikunja uso kidogo. Kisha akatabasamu.

"Ndimu," alisema. "Tofaa ya kijani. Na jiwe."

"Jiwe!" akaitikia Térence, aliyekuwa amekwisha kunusa ya kwake.

Wakatazamana, wakacheka, wakaanza hadithi zao za Mosel. Médiatrice aliitazama chupa. Siku zote alijiambia kwamba ni divai tu, na kwamba chupa zikiisha mumewe atamrudia. Kumbe hata maji ya bomba yangewatosha wale wawili. Iliuma, iliuma kuliko jiwe na ndimu zote walizowahi kuzitaja.

Kwa kutojua mikono yake aipeleke wapi, aliikumbatisha kwenye glasi. Wale wakazidi kuongea. Divai ikapata joto la viganja, na alipoinua glasi tena, harufu ikamjia: ndimu kweli, na maua, na nyuma yake kokoto za njia ya Gihosha mvua ya Septemba inapozigonga. Akaonja. Ilikuwa kavu, safi, yenye ukali unaokaa ulimini muda mrefu, na ilikuwa nzuri ajabu. Kwa mara ya kwanza hakumkumbuka Rosette. Alitaka kumwambia mtu mmoja tu.

"Térence." Akamgusa mkono, akampa glasi. "Mi pia nimeisikia. Nusa."

Térence alinusa. Macho yakamfunguka, uso ukamwaka kama alivyoujua yeye zamani. Médiatrice akasogea karibu, akangoja ageuke amtazame.

"Rosette!" alisema Térence. "Nusa hii! Nusa haraka!"

Na glasi ya Médiatrice ikapita juu ya samaki, ikaenda.