Mfungaji Aliyepewa Filimbi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi moja huko Namswea, Mwalimu Mkuu alinitazama juu hadi chini, kisha akanikabidhi mpira mmoja wenye viraka.

"Wewe bado kijana, Mwalimu. Michezo yote ni yako."

Mimi nilikuwa nimesomea hisabati. Hivyo ndivyo nilivyoingia ukocha, na sijajuta hata siku moja.

Enzi hizo wanunuzi binafsi wa kahawa ndio kwanza walikuwa wameanza kupanda milima kuja kwetu Mbinga, na mitumba ilijaa gulioni. Timu yangu ya mpira wa pete ilivaa fulana za mitumba, kila moja na rangi yake, nasi tuliringa nazo kweli kweli.

Mfungaji wangu, yaani mchezaji wa kutupia mpira kwenye pete, alikuwa Skolastika wa darasa la saba. Shabaha alikuwa nayo, lakini hasira zake! Siku moja alimtupia mwamuzi mpira usoni. Mwalimu Mkuu akataka kumfukuza shule, na mtihani wa kumaliza ulikuwa umekaribia.

"Mkuu, nipe muda mpaka mechi ya Mbamba Bay," nilimwomba.

"Akirudia tu, namfukuza. Na usije kunililia."

Walimu wenzangu walidhani nitamchapa. Nilimpa filimbi. Kila jioni wenzake walicheza, yeye akachezesha. Wiki ya kwanza walimzomea mpaka akalia.

"Mwalimu, wananionea! Mimi nina macho mawili tu!"

"Na yule uliyempiga, alikuwa na mangapi?"

Alifuta machozi, akapuliza filimbi tena. Wiki ya tatu nilimrudisha kuwa mchezaji.

Tulishuka Mbamba Bay kwa lori la mnunuzi wa kahawa, Mwalimu Mkuu akiwa amekaa mbele na dereva. Wasichana wa ziwani walikuwa wepesi ajabu kwenye ule mchanga wao. Tukiwa sare, dakika zikiyoyoma, Skolastika alidaka mpira karibu na pete. Filimbi ikalia: ametembea na mpira, yaani amehamisha mguu aliotua nao. Mwalimu Mkuu akanyanyuka kitini.

Skolastika aliukazia macho ule mpira. Kisha akauweka chini taratibu, akarudi nyuma. Wenyeji walipourusha, senta wetu akaunasa, akampasia. Akafunga! Tulishinda kwa goli moja, na njia nzima ya kupanda mlima tuliimba Kimatengo mpaka sauti zikakauka. Mwalimu Mkuu aliimba kuliko wote, na habari ya kufukuza mtu haikusikika tena.

Nilifundisha shule nne, ya mwisho ikiwa Lituhi, na vikombe tulivibeba vingi tu. Nyinyi mnaoshika timu leo, bebeni na nyinyi, ni raha. Lakini raha yangu kubwa niliipata kwenye sherehe ya kuniaga, alipokuja Skolastika, ambaye sasa naye ni mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Siku ile Mbamba Bay sikutembea na mpira."

"Marahaba. Najua. Niliona."

"Uliona? Na ukanyamaza?"

"Wewe mwenyewe ulinyamaza, mwanangu. Mimi ningesema nini?"