Malori Mawili ya Kibombo

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa karakana ya usafirishaji hapa Kindu hakunipa spana. Alinisukumia ndoo na kitambaa. "Osha kwanza," alisema, akinionyesha injini iliyojaa matope. "Mutu asiyejua uchafu wa motere hatajua ugonjwa wake." Nilikasirika sana, maana nilikuja na cheti mfukoni. Lakini ni yeye aliyenifundisha kazi.

Injini ya dizeli haina plagi. Pistoni huibana hewa hadi inakuwa ya moto mkali, kisha injekta hunyunyiza mafuta, nayo yanawaka yenyewe. Injini za zamani zilikuwa na chumba kidogo pembeni ambamo mafuta yalianza kuwaka kabla ya kuingia kwenye silinda. Joto jingi lilipotelea kwenye kuta za chumba hicho, hivyo nguvu ilipungua na gari likanywa mafuta vibaya mno. Ila injekta zake zilikuwa na tundu pana, hazikuchagua mafuta. Injini mpya hunyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni. Ina nguvu, inakula kidogo, lakini tundu zake ni nyembamba na huziba upesi.

Baadaye nilihamishiwa Kibombo, kwenye reli kusini mwa Kindu, chini ya mkuu wa kituo, mtu wa Kivu ya Kaskazini, mwepesi wa hasira na mwema wa moyo. Tulikuwa na malori mawili, la zamani na jipya. Vita vilipofika, treni ilikoma na dizeli ikawa ya kutafuta kwa tochi. Tukaendesha kwa mafuta ya mawese, tukiyapasha joto katika bomba lililozungushwa kwenye egzosi, penye moshi wa moto. Kabla ya kuzima injini tulipitisha dizeli kidogo tuliyoificha, la sivyo mawese yangeganda ndani.

Ndipo mke wangu Zaina akashikwa na uchungu, na mtoto akakataa kutoka. Mkunga akasema apelekwe hospitali ya Kindu.

"Tubebe ile ya zamani, shefu," nilimwambia mkuu wa kituo. "Hii mupya itaziba."

"Ya zamani inakunywa sana, na mawese iko kidogo. Haitafika. Tubebe mupya, na usizime motere."

Tukampakia Zaina kwenye lori jipya, nikaondoka na shefu. Njiani askari wa kizuizi wakatusimamisha.

"Zima!"

Niliwasihi, nikawaonyesha tumbo la mke wangu. Mmoja alipanda akazima mwenyewe, kabla sijapitisha dizeli.

Mvua ikanyesha. Walipomaliza kupekua mizigo, mawese yalikuwa yameganda. Tuliwasha moto chini ya bomba, tukafungua injekta na kuzipuliza kwa midomo.

"Saidi, achaka hiyo," Zaina aliniita. "Kuya hapa."

Nilimwachia shefu spana, nikaenda kumshika kwa mikono iliyojaa mafuta. Alifia mapajani pangu, na mtoto ndani yake. Shefu alikuwa bado anapuliza. Injini ilipowaka alipiga kelele za furaha, kwa sababu alikuwa hajajua.

Nimestaafu, nakaa mtaa wa Alunguli, hapa Kindu. Ninyi vijana hupenda kuniuliza injini ipi ni bora. Najua ipi ina nguvu na ipi inakula kidogo. Lakini yale malori mawili nimeyapigia hesabu maisha yangu yote. La zamani lingeishiwa mafuta njiani, jipya liliziba. Nimejaribu kumlaumu shefu nikashindwa, kwa kuwa alisema kweli. Barabara ya Kibombo imezidi kuharibika, na wanawake wenye uchungu wa kuzaa sasa wanapakiwa kwenye pikipiki. Nikiisikia moja inakuja kwa gia nzito, naingia ndani na kufunga mlango.