Mgongo wa Baba Maxine

Mume wangu Absalom hakai. Chai anainywa akiwa amesimama mlangoni, ugali anaula akizunguka meza, na kanisani amejipa kazi ya kusimama nyuma kuelekeza wageni ili asibanwe kwenye benchi. Hakuzaliwa hivyo. Alianza mwaka huu. Ukimwambia keti, anaketi kidogo, anashika paja, anainuka, kisha anatoka nje kuangalia kitu ambacho hakipo. Sisi tunaishi Witeithie, chumba kimoja na jiko dogo. Mtu akizungukazunguka humo, kizunguzungu unapata wewe uliyekaa.

Kazi yake ni kwari, huko upande wa Juja, kuchonga mawe ya kujengea kwa nyundo na tindo. Ni kazi ya kuinama kutoka asubuhi, kwa hivyo mgongo ulipoanza kumuuma hakuna aliyeshangaa. Shida ilikuwa neno lenyewe. Kwetu huku, mwanamume mzima akimwendea mtu wa dawa na kusema "mgongo", haambiwi pole, anakonyezwa. Mgongo ni jina la heshima la mambo ya chumbani.

Tulianza kwa Wanyoike, anayeuza miti shamba Thika, karibu na soko. Nilimpeleka mwenyewe, maana angeachwa peke yake angepitiliza akitembea mpaka Makongeni.

"Shida ni gani, mzee?" Wanyoike akauliza.

"Mgongo."

Wanyoike akanitazama mimi, akatabasamu, akashusha sauti. "Nimekupata. Hiyo ni kitu kidogo. Mama atarudi hapa kunishukuru."

"Ni mgongo wa kwari," nikamwambia.

"Wote husema hivyo, mama."

Akafunga unga mwekundu kwenye gazeti. Nilitamani kumrushia ule unga usoni. Tuna watoto wanne, Maxine ndiye wa kwanza, wa mwisho hata shule hajaanza, na sijawahi kupeleka malalamiko kwa mtu. Lakini Absalom alikuwa ameshaupokea, kwa aibu ya kubishana mbele ya wateja.

Mama yake huko Vihiga akasikia kwa simu kwamba mwanawe anaumwa mgongo. Naye akaelewa vile wote walivyoelewa, akatuma mukombero, mizizi ya kutafuna, ya kutosha wanaume wa kijiji kizima. Mama yangu wa Gatundu hakukubali kushindwa. Akatuma magome ya muthiga na mizizi ya muteta ya kuchemshia supu ya mifupa. Sina ugomvi na hivi vitu. Muthiga umeniponya koo tangu utotoni, na supu ya muteta naipenda mpaka leo. Lakini mgonjwa haulizwi uji, na wetu hakuulizwa lolote. Alikunywa, akatafuna, akalamba, vyote kwa mpigo. Usingizi ukamtoroka. Moyo ukawa unamwenda mbio, jasho linamtoka, na miguu haitulii hata akiwa kitandani. Nikamfichia huo mukombero kwenye gunia la makaa.

Ukienda kuteka maji, utamkuta Calvince, jirani yetu anayefanya naye kazi kwari. "Niaje, Mzee wa Mgongo? Madam anasema aje?" Wapangaji wa plot nzima wanacheka. Absalom naye anacheka, kisha anaanza tena kutembea, kutoka mferejini mpaka getini na kurudi. Mimi nilikuwa nimechoka naye. Nilikuwa na hofu pia, na hofu ikinishika mimi hutoka kama hasira.

Becky, anayenunua kwangu mboga za managu, ndiye aliyeniambia kuhusu mama mmoja huko Kamakis anayetibu kwa kuchoma sindano nyembamba. Kichwa kilichomsumbua Becky miaka mingi kilikuwa kimetulia. Nikamweleza Absalom. Huyu mtu anapasua mwamba, lakini siku ya chanjo ya korona nilimshika mkono kama mtoto wa kliniki.

"Hiyo sindano ina dawa gani?" akaniuliza, huku anatembea.

"Haina dawa."

"Sasa inaingia kufanya nini?"

"Baba Maxine, utaenda, ama nitaenda mimi nikuelezee huo mgongo vile Wanyoike anaujua."

Akaenda.

Kliniki iko ghorofani, juu ya mahali pa nyama choma, na moshi unaingia kwa dirisha. Daktari Mumo ni mama wa makamo, Mkamba, mwenye mikono ya polepole. Absalom aliposema "mgongo", hakutabasamu. Nikampenda hapo hapo.

"Unashuka mpaka wapi?"

"Uko hapa tu," Absalom akasema, akigusa kiuno.

Alilala kifudifudi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Sindano ya kwanza ya mgongo ilimfanya amwite mama yake kwa Kiluhya. Ya pili ikamfanya aape hatarudi. Alipochomwa mguu wa kushoto aliruka hadi kitanda kikalia. Kisha daktari akahamia mguu wa kulia, kwenye kigimbi, halafu juu ya unyayo, na Absalom akatulia kabisa. Akageuza shingo kunitafuta, uso umejaa fahari.

"Umeona? Hizo sijasikia kitu."

"Sasa umekuwa mwanaume," nikamwambia, nikacheka.

Daktari Mumo hakucheka. Akakibana kidole gumba cha mguu ule kwa kucha yake, nikaona ngozi ikigeuka nyeupe.

"Hapa nafanya nini?"

"Si bado hujaanza?" Absalom akajibu.

"Inua vidole vya miguu, vyote." Vya kushoto viliinuka. Vya kulia vililala vilevile.

Akaanza kuzitoa sindano moja moja, bila haraka, mpaka zikaisha. Akamsaidia kuketi. "Baba, hii si kazi ya sindano zangu, wala ya mizizi. Inaonekana kuna mshipa wa fahamu umebanwa hapo mgongoni. Unaenda hospitali kubwa leo, si kesho. Huo mguu unaweza kurudi, lakini ukichelewa hautarudi. Ni tangu lini?"

Absalom akautazama ule mguu.

"Tangu mvua ya Aprili. Nikikaa, mguu unapotea. Nikitembea najua bado uko."

"Na hukuniambia?" nikauliza. Sauti ilitoka kali, nami sikuwa na ukali ndani yangu.

"Nilisema mgongo watu wakacheka. Ningeongeza mguu?"

Daktari alikuwa ameshaanza kupiga simu atafute gari. Absalom akashuka kitandani, kama kawaida yake, apige hatua zake mpaka dirishani.

"Hapana, kaa," daktari akamwambia. "Huo mguu utakuangusha kwa ngazi. Kaa mpaka gari ifike."

Akakaa. Nilimwona akishika paja, akishika ukingo wa kitanda, akitazama mlango, na macho yake yalikuwa ya mtu anayezama. Nikapiga magoti. Nikauchukua ule mguu, mzito, wenye vumbi la kwari kwenye nyufa za kisigino, nikaukumbatia kifuani.

"Nimeushika," nikamwambia, kwa sababu hangejua.