Samaki wa Shaba Kanisani

Cheka tu, nimeshalia vya kutosha. Kwenye sanduku la vyombo vya mume wangu nilikuta kisamaki cha shaba chenye unyoya mwekundu na ndoano tatu. Hapo nikaelewa kwa nini jioni alikuwa akikivuta polepole ndani ya beseni la maji, akikikazia macho. Nikajua ni fetishi, dawa ya uchawi.

Jumapili nilikiinua mbele ya kanisa zima. Bamama wakaanza kukemea pepo. Pastere akaja, akakishika, akapuliza vumbi kwenye unyoya.

«Mama, hii ni chambo yangu. Kule Muanda nilikuwa nalobaka nayo samaki ya bahari, juu ya mawe. Nilimukopesha bwana yako, anajifunza.»

Nilitaka kukimbia. Lakini ndoano ilikuwa imenasa blauzi yangu, na kila niliporudi nyuma, pastere alinifuata, hakuachia samaki wake.