Sinia la Saa Saba

Mimi hakuna kitu cha kunishtua. Nimeingia London na koti la kuazima, nimefagia stesheni ya Stratford, nimelala chumba kimoja na wanaume wasiojuana, na leo nina magari mawili yenye jina langu ubavuni. Shule niliiacha mapema. Waliosoma nimewaajiri. Sasa mpishi mmoja aache kazi, mimi nikae siku nzima natazama ukuta?

Jiko langu liko Tottenham, nyuma ya duka la mawigi. Tunapika sambusa za kuuza madukani na biriani za harusi. Wapishi walikuwa wanawake watano, wote wa kwetu, Unguja na Pemba. Mkubwa wao tulimwita Mama. Ndiye niliyeanza naye, ndiye aliyewafundisha wengine kukunja sambusa, na nilijua fika kwamba bila yeye hakuna jiko.

Kila siku saa saba mchana Mama alitandika mkeka stoo, akapakua wali kwenye sinia lake alilokuja nalo kutoka nyumbani, wakalizunguka. Nusu saa ikawa saa nzima. Hapo ndipo walipopangana nani amshikie mwenzake zamu, nani akamchukulie mwenzake mtoto shule. Nikipita, Mama husema, "Karibu, mwanangu." Namjibu nina kazi. Mtu anayejenga biashara hakai chini.

Oda zilipozidi, kazi ikapoa. Sambusa zinapasuka, watu wananuna. Nikamlipa bwana mmoja wa suti aje anishauri namna ya kuwatia ari. Akasema mfanyakazi hutaka kutambuliwa. Basi nikaweka zawadi ya mpishi bora wa mwezi, picha ukutani na bahasha mkononi. Na chakula nikaagiza mimi, kila mtu na boksi lake, jina juu, ale anapopata nafasi. Mimi enzi zangu hakuna bosi aliyeninunulia hata chai.

Wa kwanza kushinda alikuwa Mama. Akaitazama picha yake.

"Nishushe hapo, mwanangu."

"Kwa nini? Si umestahili?"

"Na hawa wenzangu nitawatazama vipi?"

Msichana aliyekuwa kwenye karai la mafuta akadakia, "Mwacheni bora wetu! Boksi lake lina nyama mbili!" Wakacheka. Mama hakucheka.

Jioni nikasikia bahasha ameigawa mafungu matano. Nikamwita, nikamwambia zawadi ni ya mtu mmoja, akigawa tena naifuta. Akaitikia, "Haya, bosi." Siku zote alikuwa akiniita mwanangu.

Toka hapo, saa saba kila mmoja na pembe yake, boksi na simu. Harusi moja ya Jumamosi, msichana wa karai hakuja. Mwanawe alikuwa hospitali. Zamani angeisema shida yake kwenye sinia na mtu angemshikia zamu. Safari hii hakumwambia mtu. Biriani ikapungua, wageni wa mwisho wakala mkate, na baba wa bibi harusi akanitukana mbele ya watu.

Jumatatu Mama akaosha sinia lake, akalifunga kwenye kanga.

"Nitakuongezea mshahara," nikamwambia.

"Umekula leo?" akaniuliza.

"Bado."

"Kale, baba." Akatoka akapanda basi. Wawili wakamfuata kabla mwezi haujaisha.

Nyumbani nikamsimulia binti yangu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, akitaka kujua kama niliwahi hata mara moja kukaa nao. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Nikaenda Tooting kununua sinia, kwenye duka la vyombo la Mhindi mmoja mzaliwa wa Mombasa. "La watu wangapi, bwana?" akaniuliza kwa Kiswahili safi. Nikasema watano. Nikarudi nalo kwenye treni nimelikumbatia, watu wakikunja magoti kunipisha.

Kesho yake nikapika wali mwenyewe. Saa saba nikatandika mkeka stoo, nikakaa, nikaita, "Karibuni."

"Tushakula, bosi," wakajibu wale wawili waliobaki, mmoja mlangoni, mmoja hata hakugeuka.

Nikala peke yangu, upande mmoja tu wa sinia. Wali mwingine nikaumwaga. Nilipoligeuza kuliosha, kibandiko cha bei kilikuwa bado kimeng'ang'ania chini: pauni kumi na nane na peni hamsini.