Gari la Kaka na Mafuta Yasiyofika

Kaka yangu aliendesha kreni bandarini Kilindini miaka mingi, mpaka asubuhi moja alipokuwa akifunga vifungo vya shati aende kazini, kiharusi kikamshika. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, ulimi ukawa mzito. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo nikamchukua akae nami katika nyumba ya wazazi wetu, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Daktari alinieleza kwamba akili yake haikuguswa hata kidogo. Maneno yote yamo, alisema, ila yanachelewa kutoka. Nilimsikia vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba nilikuwa najua.

Alikuja na sanduku la nguo na gari lake. Gari lenyewe lingeenea kwenye sinia la pilau, lakini hakukubali liitwe kitu cha kuchezea. Lina injini ya kweli, ndogo kama ngumi ya mtoto, huwashwa kwa kuvuta kamba na huendeshwa kwa rimoti. Halitumii petroli. Mafuta yake ni mchanganyiko wa spiriti, oili na nitro ya kuongeza nguvu, na moshi wake una harufu tamutamu inayokaa kooni. Kabla ya maradhi, kila Jumapili baada ya sala ya alasiri alikwenda kiwanja kimoja upande wa Mbaraki kushindana na wenzake, wengi wao watu wa bandarini. Mimi nilikuwa nikiona haya majirani wakiniuliza mtu mzima yule amekumbatia nini.

Alipopata nguvu ya kutembea kwa mkongojo, alitaka kurudi kiwanjani. Tukalijaribu gari uani kwanza. Nilivuta kamba, injini ikashika, ikanguruma taratibu bila taabu. Lakini kaka alipobonyeza rimoti ili magurudumu yazunguke kwa kasi, likakohoa mara mbili likazimika. Tukaliwasha tena, mambo yakawa yale yale. Polepole lilikwenda, ukilitaka mbio linakufa.

Ilionekana wazi kwamba mafuta hayafiki kwenye injini kama inavyotakiwa, nami nikajitwika kazi ya kutafuta sababu. Nilimwaga mafuta ya zamani nikatia mapya. Nikafungua filta nikaiosha. Nikabadilisha mpira mwembamba unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye kabureta, nikidhani una ufa. Nikailegeza sindano ya kabureta kidogokidogo ili mafuta yapite kwa wingi. Yote hayo niliyasoma kwenye simu nikayafanya kwa bidii, huku kaka ameketi akinitazama. Mara kwa mara alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto akaanza, "M... m..." nami nikamjibu kwamba mafuta nimeshabadilisha. Akatikisa kichwa. Nikasema labda ni mpira, basi nao ni mpya. Akanyamaza, nami nikaona ameridhika.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi nilipostaafu. Mtoto akikwama kusoma mbele ya wenzake, unammalizia neno ili darasa liendelee. Nilifanya hivyo miaka mingi na wazazi walinishukuru.

Jumapili ilipofika nilimpeleka kiwanjani na gari bovu vivyo hivyo, nikitumaini wenzake wataligundua tatizo. Walimpokea kwa heshima. Mmoja mmoja waliushika ule mkono wake uliolegea kwa mikono yao miwili, wakamjulia hali. Rafiki yake mkubwa, mtu wa bara aliyekuwa karani bandarini, alimwita "mzee wangu" kama zamani na kumuuliza kama siku hizi analala vizuri. Nikajibu kwamba alala vyema. Akamuuliza kuhusu chakula, nikajibu kwamba samaki hamtaki tena. Baada ya maswali matatu manne, yule bwana aliacha kumtazama kaka akawa ananitazama mimi. Niliona nimefanya wema.

Gari likawashwa, likazimika. Wanaume wakachuchumaa kulizunguka, kila mmoja na rai yake: huyu asema plagi, yule asema kabureta. Kaka alikuwa amesimama nyuma yao juu ya mkongojo. Akaanza, "M... m... m..." Jasho lilimtoka usoni, mguu ukimtetemeka, mkono wa kushoto ukiashiria chini. Nilipomwona vile nilidhani amebanwa. Nikasema kwa sauti ya darasani, kila mtu asikie, "Jamani, tumpishe kidogo, ataka kwenda msalani."

Wengine wakainamia magurudumu kama waliopoteza kitu pale chini. Rafiki yake akainuka taratibu, akamshika mkono ili ampeleke. Kaka akauvuta mkono wake.

"Si... siendi," alisema.

Kisha alinitazama. Nimetazamwa na wazazi wenye hasira na wakaguzi wa shule, lakini sijawahi kutazamwa vile. Mtu mmoja, ili kuokoa hali, akaanza kuzungumzia joto la siku ile, na wenzake wakamwitikia kupita kiasi. Tulirudi nyumbani kwa tuktuk, kaka amegeuza uso upande wa barabara.

Siku zilizofuata alikula nilichompa na kunijibu kwa kichwa. Nilijiambia ni hasira za mgonjwa, zitapita. Asubuhi moja nikamkuta uani, gari mapajani, bakuli la povu la sabuni pembeni, kanzu imelowa kwa maji yaliyommwagikia. Nilikwenda mbio kumpokonya lile bakuli. Akalisogeza mbali nami.

"Usi... usinisemee," alisema.

Neno lile lilimchukua muda mrefu, na muda wote ule nilijua linakoelekea na sikuwa na pa kukimbilia. Nikaketi chini sakafuni, uso ukiniwaka kama niliyeegemea jiko. Nikamwambia, "Nisamehe, kaka." Aliweka kidole juu ya gari akaanza tena na ile m yake. Safari hii niliuuma ulimi. Muuza kahawa alipita kichochoroni akigonganisha vikombe, sauti ikaja, ikatupita, ikapotelea huko chini, naye kaka angali anahangaika.

"Mfu... niko."

Mfuniko wa tangi. Alinionyesha kwa kidole: kuna kimpira chembamba kinachotoka kwenye ekzosi hadi kwenye tangi. Moshi huingia humo ukayasukuma mafuta yaende kwenye kabureta. Mfuniko usipobana, ule msukumo unapotea. Injini ikienda polepole hujivutia mafuta ya kuitosha, ikitakiwa mbio inakosa. Yeye hakuweza kupuliza, kwa kuwa midomo haikufumba sawasawa, basi akanipa mimi kile kimpira. Akauziba kwa kidole gumba mpira unaokwenda kwenye kabureta, akanipakisha povu juu ya mfuniko, nikapuliza. Upande mmoja povu likafura na kutoa viputo. Pete ya mpira iliyo chini ya mfuniko ilikuwa imekauka na kupasuka.

Lile neno la kiwanjani sikuhitaji tena kuuliza lilikuwa nini.

Tulipata pete ya kipimo kile kwa wauza vipuri, na Jumapili iliyofuata gari lilikwenda. Lilikwenda mrama, kwa sababu mkono wa kulia haukuweza kuushika usukani wa rimoti barabara, lakini lilikwenda mbio bila kuzimika, na wanaume wakashangilia. Wakauliza kasoro ilikuwa wapi. Wakaniangalia mimi. Nikainama nikajishughulisha na kufunga chupa ya mafuta, nikaacha kimya kikae. Kaka akawaeleza mwenyewe, kipande kwa kipande, nao wakangoja.

Lakini tulipokuwa tukiondoka, yule rafiki yake wa bara alimsogelea na kumnong'oneza kwa adabu kubwa kwamba nyuma ya kibanda cha mlinzi kuna choo safi, akihitaji wakati wowote asione tabu. Kaka alimshukuru. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Aibu ile nilimvika mimi, na sasa yeye ndiye anayetembea nayo mbele ya marafiki zake.

Ningependa kusema nimejifunza. Wiki ile ile tulikwenda duka la dawa, muuzaji akamuuliza kama vile vidonge vipya vinamletea kizunguzungu. Nilikuwa nimeshajibu kabla sijajijua. Muuzaji akatutazama wote wawili, kisha akamuuliza tena yeye. Nikatoka, nikaenda kusimama nje kizingitini, mgongo nimewapa. Nyuma yangu nikamsikia kaka akianza kujibu.