Mahari ya Husuni Kubwa

Mume wangu Twalib alikuwa fundi mizani pale Buguruni kwa miaka arobaini na mmoja, na hakuwahi kumlegezea mtu springi. Wauza nyama walimbembeleza, wauza dagaa walimnunia, mmoja akamfuata mpaka nyumbani kwetu Mtoni na kuku wawili mkononi. Twalib akamwambia kilo ni kilo. Mie kuku nilikuwa nimeshawafungia bandani, ikabidi niwatoe.

Uongo wa nyumba ile ulikuwa kazi yangu. Wajukuu nimewaambia kwamba jogoo wangu alipanda treni ya TAZARA akafika Zambia, akarudi baada ya mwezi anawika Kibemba, na wapo waliokua wakaoa bado wanaamini.

Kwa hiyo siku zile za uchumba aliponieleza kwamba kwao Kilwa, kisiwani, kuna jumba la mawe la mfalme wa zamani, lina vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea lenye pembe nane, linaitwa Husuni Kubwa, nilifurahi. Nikadhani nimepata mwongo mwenzangu. Nilipoulizwa mahari, nikasema nataka msahafu na kutembezwa hiyo Husuni Kubwa, tuone atatokea wapi. Wazee walicheka. Twalib hakucheka, akasema amekubali.

Shehe aliyejaza cheti sikio lake moja lilikuwa zito. Akaandika: mahari, msahafu mmoja na huzuni kubwa. Mie kusoma sijui. Aliyegundua ni binti yetu Mauwa, alipofika darasa la nne. "Mama, hapa baba kaahidi kukupa huzuni kubwa." Tulicheka mpaka uji ukaungua. Twalib alitaka kuipeleka karatasi irekebishwe, nikaificha. Nilipenda kumchokoza nayo. Kila sukari ilipokwisha ndani nilimwambia, "Naona mahari yangu inaanza kuingia."

Msahafu nilipata. Kilwa hatukwenda. Mwaka huu mtoto mchanga, mwaka ule barabara, mwaka mwingine msiba wa mama yake. Halafu macho yakamwingia presha, yakazima, la kushoto kwanza. Mwaka jana moyo nao ukatanuka, daktari akasema safari za mbali basi, hata Mkuranga asifike.

Toka hapo akawa ananiomba kila asubuhi kabla ya chai.

"Mke wangu, nisamehe mahari. Sitaki kwenda nayo."

"Sisamehi. Utalipa."

Alidhani natania, na mie nilimwacha adhani. Niliona wazi kwamba siku nitakayolitoa hilo neno, Twalib atakuwa hana kinachomshika hapa. Nikalibana. Miguu ikamvimba, usiku akawa analala ameketi, na mie bado nimelibana.

Asubuhi moja akaniambia, "Mwamvita, umewadanganya watu maisha yako yote. Leo nidanganye mie. Nipeleke Husuni."

"Na ukijua ni uongo, utakuwa umelipa?"

"Wewe nipeleke. Kulipa niachie mie."

Nikamwita jirani yetu Isack, mwenye bajaji, mtu mzima mwenye watoto wake.

"Shikamoo bibi. Nimesikia mnaenda Kilwa?"

"Marahaba. Kilwa leo imesogea. Wewe endesha, mie nitakwambia tumefika wapi."

Tulipofika Buguruni nikamwambia mume wangu tumeingia mjini, na hao pembeni ni Washirazi wamevaa hariri, wanapima dhahabu.

Akanusa. "Washirazi wanauza kuku?"

"Kuku wa mfalme hao."

Mara mtu akaita kutoka kwenye meza za dagaa, "Fundi mizani, shikamoo!" Twalib akaitikia marahaba, kisha akaniuliza taratibu, "Huyu Mshirazi naye nilimtengenezea?" Isack alicheka mpaka nusura atuingize mtaroni.

Kinyerezi nikamwonyesha minara ya ngome, ndiyo ile mitambo ya umeme, na ule mngurumo nikasema ni jini la mfalme, limefungwa chini.

"Si gesi hiyo?"

"Ni jini."

"Gesi hiyo inatoka kwetu kusini," akasema. "Nilitaka kwenda mie, imekuja yenyewe." Tukapita Goba.

Madale, juu kabisa mlimani, kuna pagale la tajiri mmoja lisilo na paa, vyumba hata mie nilishindwa kuvihesabu, mpapai umeota sebuleni. Mlinzi wake anafahamiana na Isack, akatufungulia. Twalib akapapasa ukuta wa tofali za saruji.

"Mawe ya matumbawe hayo," nikasema.

"Husuni yenyewe nayo, babu alisema, mfalme hakuimaliza." Akakohoa, akapumzika. "Birika lipo?"

Nyuma lilikuwepo shimo la bwawa la kuogelea, kavu, limejaa majani. "Lipo," nikasema.

"Pembe ngapi?"

"Nane."

Akaomba fimbo yake. Hapo nikaogopa. Washirazi wangu walipita na jini lilipita, lakini pembe zinahesabika. Akaanza kuzunguka, mkono mmoja begani kwa Isack, fimbo inagonga ukingo. Pembe ya kwanza alisimama kuvuta pumzi. Ya pili alisimama zaidi. Ya tatu alikaa chini, midomo imepauka, nikamwambia basi inatosha, akakataa. Ya nne akawa amerudi pale pale niliposimama. Mtu aliyegombana na soko zima kwa ajili ya gramu.

"Nane," akasema.

Isack akageuza uso. Nikakaa naye ukingoni, nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi na jua lile lote.

"Nimepokea mahari yangu, baba Mauwa. Hudaiwi."

"Imekupendeza?"

"Kubwa mno. Miguu inaniuma."

Akacheka kidogo. Tulirudi kaniegemea njia nzima.

Jumanne iliyofuata aliswali Alasiri amekaa, akaomba maji, na nilipoyaleta hakuyahitaji tena.

Kabla ya maziko kaka yake, Mzee Mwinjuma, alikuja mlangoni kwangu kuuliza madeni ya marehemu. Mjukuu wangu Najma ndiye aliyeshika cheti.

"Bibi, hapa pamekosewa herufi moja. Nirekebishe?"

"Iache."

"Shemeji," Mwinjuma akasema, "hii mahari aliimaliza?"

"Aliimaliza. Yote, kama ilivyoandikwa."

Akanitazama kuona kama natania. Nikamwacha atazame.